Mabua Makavu na Njaa ya Ng'ombe Aliyeshiba

Ewe mfugaji wa Kinondoni na Temeke, huenda umepata kumwona ng'ombe aliyejaa tumbo kwa mabua, kumbe mbavu zake zahesabika na maziwa yapungua. Si kila kijazacho tumbo hulisha mwili. Pembezoni mwa Dar es Salaam palipokuwa malisho pamejengwa nyumba, nawe wanunua majani kwa fedha. Basi yakupasa kujua unachonunua.

Katika tumbo la kwanza la ng'ombe mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vivunjavyo nyuzi za mmea zikawa chakula. Lakini mmea ukikomaa hujijengea kitu kigumu kiitwacho lignini, kile kile kiupacho mti ugumu wake. Lignini huzishika nyuzi kama saruji ishikavyo mawe, hata vijidudu visipate njia ya kupenya. Hivyo chakula hukawia tumboni, wala ng'ombe hawezi kula kingine.

Kwa hiyo, mahindi yakiisha kuvunwa, kata mabua upesi, uyaweke mahali pakavu; mvua huosha vile vyema vilivyosalia ndani yake. Majani na maganda ya mahindi yana faida kuliko shina. Shina likatekate vipande vifupi, ng'ombe apate kula zaidi. Lakini fahamu kwamba panga haliondoi lignini.

Iko njia ya kuilegeza. Twaa kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa au majani makavu ya mpunga. Yeyusha kilo 4 za mbolea ya urea katika madebe 3 ya maji. Tandaza majani tabaka kwa tabaka, ukinyunyizia na kushindilia, kisha funika kwa plastiki hewa isipite, kwa siku 21. Urea itageuka amonia, nayo italegeza vifungo vya lignini. Ukifunua, acha upepo uyapige siku nzima, ndipo ulishe kidogo kidogo hata ng'ombe azoee.

Jihadhari: urea ni sumu. Ng'ombe akiilamba au kunywa maji yake aweza kufa upesi. Ndama wa chini ya miezi 6 asipewe kabisa majani haya.

Tena, ng'ombe wa maziwa hatoshewi na majani haya peke yake. Mwongezee pumba, mashudu na majani mabichi ya lusina. Anza na mzigo mmoja, ukapime maziwa kila asubuhi. Kipimo chako kitakujulisha kama kazi yako imelipa.