Atembeaye bila hofu ndiye aonaye

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii tunaifundisha madarasani mwaka nenda mwaka rudi, tukiwatungisha wanafunzi insha juu yake, ilhali sisi walimu wenyewe ni nadra kuthubutu kwenda bure. Ziara zetu za masomo hufungwa kwa ratiba: basi huondoka alfajiri, makavazi saa nne, chakula saa saba, na jua likichwa kila mwanafunzi amerejea bwenini na daftari lililojaa majina asiyoyakumbuka. Leo ninakusudia kutetea safari ya namna nyingine, na ushahidi wangu ninautoa mbali, katika bonde la Val d'Orcia, kusini mwa mji wa Siena nchini Italia.

Nilikuwa Siena kwa shughuli za kikazi mwezi wa Mei, nikabakiwa na siku moja isiyokuwa na wajibu wowote. Nilipanda basi liendalo kusini, nikateremka San Quirico d'Orcia kwa kuwa tu kuta zake za kale zilinivutia. Sikuwa na kiongozi wala mpango. Mbele yangu palikuwa na njia ya changarawe, mojawapo ya zile ambazo wenyeji huziita njia nyeupe kwa sababu ya vumbi lake, nami nikaifuata.

Ngano ilikuwa ingali mbichi, na katikati yake maua mekundu yametapakaa. Vilima vya udongo wa mfinyanzi vilifuatana mithili ya mawimbi, na kwa mbali Mlima Amiata, wenye urefu wa mita 1,738, ulikuwa umejitanda ushungi wa mawingu. Kila njia panda nilichagua upande uliopendeza macho. Nilifika penye kanisa dogo la Vitaleta, lililosimama peke yake baina ya misipresi, nikaketi kivulini na kula mkate wangu. Hakuna aliyeniharakisha, nami sikumharakisha yeyote.

Msomaji ataniuliza: je, uzuri huo una mafunzo gani zaidi ya kuburudisha macho? Naam, yapo. Kwanza, uzuri ule haukujiotea kama magugu. Shirika la UNESCO liliitia Val d'Orcia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, si kwa ajili ya nyika wala msitu, bali kwa kuwa mandhari yake yaliundwa na binadamu. Katika karne ya 14 na ya 15, dola ya Siena ililipanga bonde hilo la kilimo liwe kielelezo cha utawala bora. Jana yake nilikuwa nimeitazama picha aliyoichora Ambrogio Lorenzetti katika kuta za jumba la serikali mjini Siena, kati ya mwaka 1338 na 1339. Upande mmoja anaonyesha matokeo ya utawala mwema: wakulima wanavuna, punda wamebeba mizigo kuelekea sokoni, na juu yao anaelea malaika wa Usalama, ishara kwamba kila mtu yu huru kushika njia bila woga. Upande wa pili, chini ya mtawala dhalimu, mashamba yamekauka na njia haipitiki. Mchoraji huyo alitambua jambo tunalolisahau: kutembea kwa starehe ni tunda la haki.

Si kwamba bonde hilo limekuwa na amani daima. Mwezi Juni mwaka 1944, vita vilipofika hapo, mwandishi Iris Origo, aliyekuwa na shamba la La Foce ng'ambo ya pili ya bonde, aliwaongoza watu wapatao 60, wengi wao watoto, kwa miguu hadi Montepulciano huku mizinga ikinguruma. Wakati huo Waitaliano wengine walikuwa mateka huku kwetu Kenya. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 chini ya mteremko wa Mai Mahiu lingali linaonekana. Barabara ni ile ile. Atembeaye kwa hofu haoni maua.

Alasiri niliwasili Pienza. Mji huu uliitwa Corsignano hadi mwenyeji wake, Enea Silvio Piccolomini, alipokuwa Papa Pius II mwaka 1458 na kumwagiza msanifu Bernardo Rossellino aujenge upya. Katika duka moja la jibini ya kondoo, ajuza mmoja, akitafsiriwa na mjukuu wake, alinihadithia utoto wake. Babake alilima shamba la tajiri, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu: gunia la bwana, gunia la jamaa yake. Mtindo huo ulidumu kwa karne nyingi, hata sheria ya mwaka 1964 ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Lakini vijana hawakungoja sheria. Walihamia mijini kwa maelfu, nyumba za mawe zikabaki mahame, na wafugaji kutoka kisiwa cha Sardinia wakaja kuzijaza kwa kondoo wao. Ndio chanzo kikuu cha jibini niliyokuwa nikiila.

"Watu husifu vilima," alisema ajuza yule, "lakini vilima havikutuzuia kuondoka."

Kauli hiyo yapasa kuandikwa ubaoni katika kila shule ya mashambani. Kijana hahami kwa kuwa kwao kubaya. Huhama kwa kuwa jasho lake lanufaisha mwingine. Tunapowalaumu vijana wetu kwa kulikimbia jembe, tuulize kwanza mavuno yanagawanywaje.

Haya yote sikuyapata katika ratiba yoyote. Niliyaokota kwa kuwa nilikuwa na muda wa kusimama, kutazama na kuuliza. Hapana haja ya kuvuka bahari ili kuyapata ya aina yake. Mwalimu mwenzangu, Jumamosi moja watoe wanafunzi wako langoni mwa shule, uwaache wao wachague njia. Wakifika kwenye matuta yaliyozuia mmomonyoko, wamtafute mzee awaeleze ni nani aliyeyachimba, na kama alichimba kwa hiari au kwa kulazimishwa na chifu wa mkoloni. Wakipita kwenye shamba la chai au miwa, waulize mkulima hubaki na kiasi gani. Kisha wakirudi, waulize wasichana swali moja tu: je, njia hiyo wangeithubutu peke yao? Jibu lao ndilo litakalotuambia tunatawaliwa vipi.