Filamu za Zamani na Nyakati Zake (3): Ujasiri wa La Noire de...

La Noire de..., filamu ya Msenegali Ousmane Sembène iliyotoka mwaka 1966, inamhusu Diouana, msichana wa Dakar anayepelekwa Antibes, kusini mwa Ufaransa, na familia ya Kifaransa iliyomwajiri kulea watoto. Akifika huko anakuta kazi ni kupika, kufua na kusugua sakafu. Hatoki nje, mshahara hauonekani, na mwishowe anajiua bafuni. Filamu ina urefu wa karibu saa moja, haina rangi, na sehemu kubwa yake inapita ndani ya fleti moja. Mtazamaji wa leo, aliyezoea kuonyeshwa mateso bila kificho, huenda akaiona ya polepole, hata ya upole mno. Waliokuwa wakiishi chini ya sheria na picha za wakati ule hawakuiona hivyo.

Tangu mwaka 1934, amri iliyopewa jina la Pierre Laval, waziri wa makoloni wa Ufaransa, ilimlazimu anayetaka kupiga filamu katika makoloni ya Afrika aombe kibali cha watawala na muswada wake ukaguliwe kwanza. Mfaransa René Vautier aliikiuka alipotengeneza Afrique 50, filamu fupi iliyofichua ukatili wa utawala huo; filamu ilipigwa marufuku, naye akafungwa. Paulin Vieyra, mzaliwa wa Dahomey, yaani Benin ya leo, alihitimu masomo ya sinema Paris lakini hakuruhusiwa kwenda kupiga picha kwao. Ndiyo sababu Afrique-sur-Seine ya mwaka 1955, kazi yake na wenzake kuhusu maisha ya Waafrika, ilipigwa katika mitaa ya Paris. Kwa hiyo Mwafrika kushika kamera Dakar na kuchagua mwenyewe cha kuonyesha lilikuwa jambo zito hata kabla ya hadithi kuanza.

Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akawa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza sinema akiwa anakaribia miaka 40. Hadithi ya Diouana aliitoa katika habari fupi ya gazeti la Ufaransa kuhusu kifo cha mtumishi mweusi, akaichapisha kwanza katika mkusanyiko wake Voltaïque wa mwaka 1962. Alipotaka kuigeuza filamu, ofisi ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa iliyokuwa ikifadhili sinema za Kiafrika iliukataa muswada.

Kikubwa zaidi alichofanya ni kumpa mtumishi sauti. Katika filamu za enzi ya ukoloni Mwafrika alikuwa mbeba mizigo, mpiga ngoma au sehemu ya mandhari. Mawazo yake hayakuhitajika. Hata kazi za Jean Rouch, Mfaransa aliyeipenda Afrika Magharibi kwa dhati, Sembène alizipinga mbele yake mwaka 1965 akimlaumu kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Katika La Noire de... mbele ya waajiri Diouana husema kidogo sana, lakini mtazamaji anasikia yote anayowaza. Anawahukumu, anahesabu alivyodanganywa, anajiuliza kama Ufaransa ni jiko na chumba cha kulala tu. Kuna tukio dogo linalostahili kutazamwa kwa makini: Diouana anafanya usafi akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya visigino virefu, kana kwamba anakwenda kutembea. Bibi mwenye nyumba anaudhika, anamvalisha aproni na kumwamuru avue viatu. Leo ni ugomvi wa mavazi tu. Mwaka 1966 ilikuwa picha ya mwanamke mweusi anayekataa kuonekana mtumishi, na kamera iko upande wake.

Tukio jingine halisomeki kabisa bila historia. Huko Dakar, kabla ya safari, Diouana anatembea pekupeku juu ya mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, akicheza kwa furaha ya kupata safari. Mchumba wake anamkemea kwamba ni kufuru. Maelfu ya Waafrika walipigania Ufaransa. Sembène mwenyewe aliingizwa jeshini mwaka 1944. Desemba ya mwaka huohuo, katika kambi ya Thiaroye nje kidogo ya Dakar, wanajeshi wa Kiafrika waliorejea na kudai malipo yao walipigwa risasi na jeshi walilolitumikia. Msenegali wa wakati ule alizijua habari hizo, na miguu ya msichana juu ya jiwe lile ilimgusa panapouma.

Tarehe nayo ina uzito. Hadithi ya kitabuni inatokea mwaka 1958, chini ya ukoloni, lakini filamu imesogezwa hadi baada ya uhuru wa mwaka 1960. Kwa hatua hiyo Sembène aliwaambia viongozi wapya, wakati shangwe za bendera bado mbichi, kwamba ndani ya nyumba za matajiri mambo yalikuwa yaleyale. Ni shutuma aliyokwisha kuianza katika Borom Sarret ya mwaka 1963, ambamo polisi anakanyaga nishani ya mwendesha mkokoteni masikini aliyeingia mtaa wa wakubwa.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, baadhi ya makali yamerudi kwa njia nyingine. Habari za mabinti wanaokwenda Oman na Saudi Arabia kufanya kazi za ndani, wengine wakanyang'anywa pasipoti na kunyimwa mshahara, zinamfanya Diouana aeleweke mara moja.

Kasoro inayotajwa sana leo pia ina chanzo chake. Diouana, asiyejua kusoma, anawaza kwa Kifaransa fasaha, kwa sauti iliyoingizwa baadaye ya Toto Bissainthe, mwimbaji kutoka Haiti. Fedha, maabara na soko vilikuwa Ufaransa, na sinema ya lugha ya Kiafrika ilikuwa bado haijapata njia. Miaka miwili baadaye, katika Mandabi, Sembène aliwafanya wahusika wake wazungumze Kiwolofu.