Hans Herren: Aliyeokoa mihogo ya Afrika kwa mdudu badala ya sumu

Je, nyumbani kwako mnakula sombe au kisamvu? Ugali wenu ni wa muhogo? Basi kazi ya mtu huyu inakuhusu, hata kama hujawahi kusikia jina lake.

Hans Rudolf Herren alizaliwa Uswisi mwaka 1947, akakulia shambani. Alisomea elimu ya wadudu, na mwaka 1979 akaenda Ibadan, Nigeria, kufanya kazi katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Wakati huo mihogo ilikuwa inakufa.

Tatizo lilikuwa nini?

Mwaka 1973 mdudu mgeni alionekana kwenye mihogo huko Kongo. Ni kidung'ata, mdudu mdogo mwenye unga mweupe mwilini, anayefyonza maji ya mmea. Majani ya juu hujikunja na kushikana, na mmea unadumaa. Mashamba mengine yalipoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Mdudu huyo alienea kutoka nchi hadi nchi, hadi Afrika Mashariki.

Wengi walifikiria sumu. Lakini mkulima mdogo hana pesa ya kununua sumu kila msimu, na majani hayo hayo ndiyo mboga ya watoto.

Alifanya nini?

Herren aliuliza swali rahisi: mdudu huyu ametoka wapi, na huko kwao anazuiwa na nani? Muhogo wenyewe ulitoka Amerika Kusini. Watafiti walitafuta huko, na mwaka 1981 kidung'ata akapatikana Paraguay, pamoja na adui yake: nyigu mdogo sana ambaye haumi watu. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidung'ata. Yai likianguliwa, mtoto wake humla kidung'ata kutoka ndani.

Baada ya kupimwa ili kuhakikisha hawaleti madhara, nyigu walizalishwa kwa wingi na kuachiliwa katika nchi nyingi za Afrika, kwingine hata kwa ndege. Wakazaliana wenyewe. Mkulima hakulipa chochote. Kwa kazi hiyo Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kuanzia 1994 hadi 2005 aliongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi. Alianzisha pia shirika la Biovision mwaka 1998. Jarida la Kiswahili la Mkulima Mbunifu lilianzishwa kwa msaada wa shirika hilo.

Wewe unaweza kufanya nini?

• Chunguza kabla ya kupuliza. Si kila mdudu ni adui. Sumu inaua pia nyigu, buibui na wengine wanaokulindia shamba, na wadudu waharibifu wanaweza kurudi wengi zaidi.

• Chagua mbegu safi. Usikate vipande vya mihogo kwenye mmea wenye unga mweupe au majani yaliyojikunja. Ukipanda hivyo, unahamisha wadudu wewe mwenyewe.

• Tofautisha wadudu na magonjwa. Nyigu hatibu batobato wala michirizi ya kahawia. Kwa magonjwa hayo tafuta mbegu inayostahimili, na umuulize afisa ugani wa eneo lako.

• Kwa mahindi, jaribu vuta-sukuma. Njia hii iliendelezwa na watafiti wa icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde. Harufu yake inafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, mizizi yake inazuia kiduha, na udongo unapata rutuba. Kuzunguka shamba unapanda majani ya nepia, yanayowavuta nondo watoke kwenye mahindi.

Kabla hujaanza

Desmodiamu na nepia hukaa ardhini miaka kadhaa. Kama umekodi shamba, au umepewa na mwenyeji kwa msimu mmoja, zungumza naye kwanza ili asije akadhani unataka kuichukua ardhi yake. Mazungumzo hayo yanaweza kuwafaa wote wawili: majani hayo ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi. Wewe unapata mahindi, yeye anapata malisho, na mnaweza kukubaliana kuhusu samadi pia.

Anza na kipande kidogo, na pembeni ubakize mahindi ya kawaida ili ulinganishe. Mavuno ndiyo yatakayokuambia kama uendelee.