Hasidi Hana Sababu? Maana na Chanzo cha Husuda

Methali "Hasidi hana sababu" huandikwa hata kwenye kanga za pwani. Ikichukuliwa neno kwa neno, yapingana na saikolojia, ambayo huitafutia kila hisia chanzo chake. Makala haya yanaonyesha kwamba mgongano huo ni wa juujuu tu.

Kwanza yafaa kupambanua istilahi. Wivu huhitaji watu watatu: mtu huchelea kunyang'anywa na mwingine yule ampendaye. Husuda huhitaji wawili: mmoja huumia kwa kuwa mwenziwe anacho. Katika mazungumzo ya kila siku mjini Bukavu, hali zote mbili huitwa wivu. Husuda ni neno lenye asili ya Kiarabu; kisawe chake, kijicho, ni jicho lililotiwa kiambishi cha udogo. Kilatini nacho kiliunda invidia, neno lililozaa envie ya Kifaransa, kutokana na kitenzi cha kutazama. Lugha zisizo na ukoo mmoja zakubaliana kwamba husuda huanzia machoni.

Hata hivyo, jicho hilo halitazami mbali. Aristotle alikwisha kuandika kwamba watu huwahusudu walio sawa nao kwa umri, mahali na hadhi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba mtu akosapo kipimo halisi cha uwezo wake, hujipima kwa wenziwe, hasa wanaokaribiana naye. Muuza sambaza wa soko la Kadutu hamhusudu mwenye meli ziendazo Goma. Jicho lake humwangukia jirani wa meza, aliyeanza biashara pamoja naye, na ambaye sasa ameezeka nyumba kwa bati jipya. Mafanikio ya tajiri hayamwambii neno, ya jirani humuuliza, "Na wewe je?" Swali hilo ndilo kiini cha maumivu.

Palipo na uhaba, maumivu huzidi. Mwanaanthropolojia George Foster alidai mwaka 1965 kwamba jamii za wakulima huona mema yote kuwa na kiasi kisichoongezeka: apatacho mmoja kimepunguzwa kwa mwingine. Kwa fikra hiyo, faida ya jirani yafanana na wizi. Aliyefanikiwa naye huogopa: mtoto wake akiugua, hutafuta hasidi kabla ya kutafuta ugonjwa. Tuhuma hufuata kanuni ile ile ya ukaribu. Humwangukia jirani, mke mwenza au shangazi. Katika Kivu ya Kusini tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya watu, hasa wanawake wazee, kama ilivyotokea mwaka 2021.

Kwa hiyo methali haikosei. Chanzo cha husuda kimo ndani ya hasidi mwenyewe; asichonacho ni sababu ya kumlaumu anayehusudiwa. Wala methali haimpi aliyefanikiwa ruhusa ya kumwita hasidi kila aliyepungukiwa. Anayetuhumu bila ushahidi, naye pia hana sababu.