Sahihi ya mke kwenye ritani ya Marekani

Kila Machi swali ni lile lile kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa Marekani: "Mke wangu yupo na viza ya H-4, hafanyi kazi, hana namba ya Soshali. Namwekaje kwenye ritani?" Majibu nayo hayabadiliki: jazeni pamoja, utaokoa hela. Hesabu inawaunga mkono. Kwa mwaka wa kodi wa 2025, wanandoa wanaojaza pamoja huondolewa dola 31,500 kabla kodi haijaanza kuhesabiwa. Aliyeoa akijaza peke yake huondolewa 15,750. Mume mwenye mshahara wa dola 80,000 hulipa serikali kuu kama dola 5,340 wakijaza pamoja, na kama 9,050 akijaza peke yake.

Lakini kwa nini mtu asiye na kipato ampunguzie kodi mwenziwe? Jibu linaanzia Seattle. Katika jimbo la Washington, kama ilivyo Texas na California, anachochuma mmoja ndani ya ndoa ni cha wote wawili, nusu kwa nusu. Bwana mmoja, Henry Seaborn, akaandika nusu ya mapato yake kwa jina la mkewe, na kodi ikashuka, maana viwango hupanda kipato kinapopanda. Mtoza kodi akapinga. Mwaka 1930 Mahakama ya Juu ikampa Seaborn haki yake. Majimbo mengine yakaona yamepunjwa. Baadhi yakabadili sheria zao za mali ya ndoa kwa ajili ya kodi tu. Mwaka 1948 Bunge likawapa wanandoa wa nchi nzima nafasi hiyo ya kugawana mapato nusu kwa nusu, kupitia ritani ya pamoja. Rais Truman aliukataa muswada, Bunge likaupitisha licha ya katazo lake.

Kwa hiyo kwenye ritani ya pamoja mke si mzigo wa mume, ni mwenye nusu. Isipokuwa kwenye deni: hapo habebi nusu, anabeba lote. Mume akificha kipato cha pembeni, mke aliyetia sahihi anaweza kudaiwa kila senti, hata baada ya talaka. Ipo fomu ya kuomba kusamehewa, ya 8857, ila lazima ajieleze na akubaliwe. Ninavyoona, hili ndilo linalopaswa kuzungumzwa mezani kabla ya kalamu kushikwa, na halizungumzwi.

Kuna na jambo la mgeni. Mke aliyetua Oktoba mosi ana siku 92 tu hadi mwaka kuisha, hafikii siku 183 zinazomfanya mkaazi mbele ya sheria ya kodi. Ikiwa mume ni mkaazi, wanaruhusiwa kuambatanisha tamko, wote wawili wametia sahihi, kwamba mke ahesabiwe mkaazi kwa mwaka mzima. Gharama yake ni kwamba mapato yao ya dunia nzima yanaingia: mshahara aliolipwa Dar kuanzia Januari hadi Septemba, kodi ya pango la fremu yake Kariakoo, vyote. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, ingawa kodi aliyokwisha kulipa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, inaweza kupunguzwa kwenye ya huku. Na tamko hilo likishafutwa, hawalirudii tena maisha yao.

Asiye na Soshali huombewa ITIN, namba inayoanza na 9, iliyopo tangu 1996. Ni ya kodi tu, haimpi mtu ruhusa ya kazi. Fomu ya W-7 huwekwa juu ya ritani ya karatasi na kutumwa Austin, Texas, pamoja na pasipoti halisi au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Muhuri wa wakili hautoshi. Baadhi ya ofisi za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na mawakala walioidhinishwa, hukagua pasipoti na kukurudishia papo hapo. Mwenye tiketi ya kwenda harusini Moshi mwezi Juni asiitie pasipoti posta mwezi Aprili.