Besi Moja na Nasaba za Holguín

Katika mkoa wa Holguín, mashariki ya kisiwa cha Kuba, ziko aila ambazo tangu vizazi vingi huwaona watu wao, wakiisha kutimia utu uzima na nguvu zao zikiwa kamili, wakianza kupepesuka pasi na kileo, ulimi ukiwa mzito na macho yakichelewa kukifuata kitu kinachopita mbele yao. Maradhi hayo ni ataksia ya urithi ya namna ya pili, na Holguín ndipo mahali palipojulikana duniani kwa wingi wa wagonjwa wake.

Asili yake imo katika DNA, ambayo maagizo yake yote yameandikwa kwa besi nne tu: adenini, thaimini, guanini na sitosini, yaani A, T, G na C. Ndani ya jeni ya ATXN2, iliyofumbuliwa mwaka 1996 katika kromosomu ya 12, fungu la CAG hurudiwa mara nyingi, na kila fungu huiamuru seli itie glutamini moja katika protini. Mtu mwenye afya aghalabu ana mafungu 22. Yakifika 33 au kuzidi hatari huingia, na kadiri yanavyoongezeka ndivyo maradhi yanavyomwahi mtu angali kijana.

Ajabu iliyo kubwa, kwa rai yangu, ni kuwa mafungu hayo 22 aghalabu si ya namna moja: huja CAG nane, kisha CAA moja, kisha CAG nne, kisha CAA ya pili, ndipo zikafuata CAG nane za mwisho. CAA nayo huagiza glutamini ile ile, hata protini isipate tofauti yoyote, na mtu angedhani kuwa A hiyo iliyokalia mahali pa G haina faida. Kumbe ni mlinzi. Kama vile shanga za alama katika tasbihi zinavyomhifadhi mwenye kusabihi asipotewe na hesabu, ndivyo CAA inavyouzuia uzi wa DNA usijikunje na kuteleza wakati wa kunakiliwa. CAG zikiwa tupu, kama zilivyo kwa wagonjwa wengi, C hushikana na G ya uzi ule ule, na nakala hutoka ndefu kuliko asili yake; ndiyo sababu mtoto, hasa aliyerithi kwa babake, huweza kuugua mapema kuliko mzazi.

Kila mtoto wa mgonjwa, wa kiume au wa kike, yumo katika hatari nusu kwa nusu. Dawa ya kuyazuia maradhi haya haijapatikana, ingawa mazoezi ya viungo huwasaidia wagonjwa. Basi wewe ambaye katika ukoo wako mwendo wa namna hii umeonekana kwa babu, kisha kwa mzazi, usilifiche jambo hilo kwa kuona haya, bali umtajie tabibu nasaba yote, waliougua na waliosalimika, kwani kwa nasaba zilizosimuliwa wazi na watu wa Holguín ndivyo wataalamu walivyoongozwa hadi kwenye kromosomu ya 12.