Je, Wajua Ajua?

Ukitoka mjini Migori ukaelekea kaskazini magharibi, kiasi cha kilomita 46, utafika Thimlich Ohinga. Kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, thimlich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni ngome. Msitu umepungua, lakini ngome ipo: kuta za mawe yaliyopangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kushikiza, kimo chake kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wastani wa mita moja. Wataalamu wanakadiria ujenzi ulianza karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mji huu wa mawe katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo wageni huja kupiga picha kuta, na malango mafupi yanayomlazimisha hata mtu mwenye cheo kuinama.

Mimi hupenda zaidi kitu ambacho hakifiki hata kimo cha kifundo cha mguu. Kwenye mwamba kuna vishimo vilivyochongwa kwa safu, na mwenyeji yeyote atakuambia bila kusita kwamba hiyo ni ajua.

Kwa Kiswahili, ajua ni sawa na kusema anajua. Kwa Dholuo ni jina la mchezo, na kufanana kwa maneno hayo ni bahati tu. Bahati nyingine tamu zaidi: mchezaji wa bao wa Pwani husogeza kete, na Mjaluo akisogeza mawe husogeza kite, maana jiwe ni kidi na wingi wake ni kite. Mwanalugha asikimbilie kuandika tasnifu hapo. Mimi nacheka tu, halafu natandika ubao.

Ubao wenyewe hauna masharti makubwa. Unaweza kuwa gogo lililochongwa, mwamba, au mashimo yaliyochimbwa mchangani kwa kisigino. Zamani wazee waliucheza nje ya duol, kibanda cha mwenye boma, ambako wanaume walikula na kuzungumza. Ajua ina safu mbili. Ukivuka Ziwa Victoria kwenda Uganda utakuta omweso, wenye safu nne na kete 64. Ukishuka Pwani na Zanzibar utakuta bao, nalo lina safu nne na kete 64, pamoja na mashimo yenye majina: nyumba, vichwa na kimbi. Lakini hapa Kenya bara, giuthi ya Wakikuyu na enkeshui ya Wamaasai ni za safu mbili kama ajua. Na ukienda kaskazini hadi Ethiopia na Eritrea, kuna michezo ya safu tatu. Migori na Homa Bay zimekaa kwenye mpaka ambako mbili hukutana na nne, na huenda ndiyo maana mtu wa huku hashangai akiambiwa kwamba jirani ana sheria nyingine.

Sheria kweli hutofautiana. Boma hili huanza na kete hizi, lile na zile, kwa hiyo kabla ya kuanza watu huafikiana. Mimi nitakupa namna moja ya kujifunzia, ile inayobeba uti wa mgongo wa michezo hii.

Keti mkabala na mwenzako. Safu iliyo karibu nawe ni yako, mashimo 8. Tuite la 1 lililo mkono wako wa kushoto, na la 8 lililo kulia. Naye atahesabu yake vivyo hivyo kutoka kushoto kwake, kwa hiyo la 8 lako linatazamana na la 1 lake. Tia kete 3 kila shimo, jumla 48. Zamu yako ikifika, komba shimo lako moja lote, kisha uangushe kete moja moja katika mashimo yanayofuata kuelekea kulia. Safu ikiisha, unapanda kwa mwenzako na kuendelea kuzunguka, hata urudi kwako. Kete ya mwisho ndiyo hakimu. Ikiangukia shimo lenye kitu, unazoa zote zilizomo na safari inaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Na kama hilo shimo tupu liko upande wako, kabla ya kumpa zamu unakula kete zote zilizo mkabala wake.

Mgeni wa mchezo huu hutazama mashimo yaliyojaa. Ni kosa la kawaida, hata mimi nilianza hivyo, nikirundika kete kama mtu anayeweka akiba benki. Kilichojaa ni chakula. Shimo tupu ndilo lenye meno.

Tujaribu. Komba shimo la 1. Kete zako 3 zinafika la 2, la 3, la 4. La nne lina kitu, sasa kete 4, unazizoa. Zinafika la 8, unazoa 4 tena. Zinaingia kwa mwenzako na kuishia shimo lake la 4, unazoa. Zinaishia la 8 lake, unazoa. Zinarudi kwako: la 1, la 2, la 3, na ya mwisho inaangukia la 4. Hilo ulilikomba mwenyewe muda mfupi uliopita. Ni tupu, ni lako, na linatazamana na kete 4. Unakula zote.

Mwanzoni mashimo yote yanafanana, kwa hiyo hesabu ni ileile popote uanzapo. Unaangusha kete 3, kisha 4 mara nne, jumla 19. Mduara mzima una mashimo 16, basi unalala hatua 3 mbele ya ulikoanzia. Ukianzia shimo lolote kati ya la 1 na la 5, unalala nyumbani na unakula 4. Ukianzia la 6, la 7 au la 8, unalala kwa watu, na mtu anayelala kwa watu hapewi nyama.

Je, la 1 na la 5 ni sawa basi, maana yote yanakupa 4? Jibu ni hapana, na hapa ndipo mchezo unapoanza kuwa mchezo. Chukua kete na ufuatishe. Umeanza na la 5, umekula 4, unatabasamu. Mwenzako anakomba shimo lake la 2. Anaangusha 4, anazoa 5, anazoa 5 nyingine, anazoa 2. Jumla ni 16, mduara kamili, na kete yake ya mwisho inarudi katika lile lile shimo alilolikomba. Ni tupu, ni lake, na linatazamana na shimo lako la 7, ambalo safari yake mwenyewe imelinenepesha hadi kete 6. Anazila. Wewe 4, yeye 6.

Sasa rudia kwa kuanza na la 1. Mwenzako anabaki na mashimo matano ya kuchezea. Nimeyafuatisha yote kwa maharagwe mezani, jioni moja umeme ulipokatika. Mawili yanamlaza upande wako. Mawili yanamlaza kwake, ila anapolala panatazamana na mashimo yako ambayo safari yake imeyakomba njiani, kwa hiyo anakula upepo. Moja tu linampa chakula: anacheza la 1 lake, kete 4 zinaishia kwenye shimo la 5 ulilomnyang'anya, na mbele yake kuna kete moja. Moja dhidi ya nne.

Angalia hilo la mwisho vizuri. Meno aliyokung'atia umempa wewe. Kila unapokula, unaacha shimo tupu upande wa mwenzako, na shimo hilo lina njaa. Mchezaji mzuri hula akijua ni kitu gani cha kwake kinachotazamana na shimo atakaloliacha.

Kuna umbo jingine la kukariri, nami huliita msafara. Panga kete 4, 3, 2, 1 katika mashimo manne yanayofuatana, na mbele yake kuwe kutupu. Komba la nyuma lenye 4. Matokeo ni yale yale 4, 3, 2, 1, ila yote yamesogea hatua moja. Fanya tena, yanasogea tena. Siri yake iko mbele: kete ya mwisho daima inakutana na shimo tupu, kwa hiyo hakuna kuzoa wala kubahatisha. Msafara unakupa zamu za kupoteza wakati mwenzako anaishiwa na za kwake. Jaribu na 3, 2, 1, au na 5, 4, 3, 2, 1, nayo inatembea.

Mtu wa Homa Bay anaweza kuniambia kwamba leo vijana hawachezi ajua, wanacheza drafti. Ni kweli, na sioni aibu. Chini ya mti, ubao uliochorwa kwa rangi mbili, vifuniko vya soda: mmoja anachukua vilivyotazama juu, mwingine vilivyopinduliwa, na kingi ni kifuniko kilichobebeshwa kingine. Mvuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa taa. Mchana nyavu zinapumzika, na kuna nafasi ya kumfunga mtu mabao matatu. Kanuni ya shimo tupu inafanya kazi hata huko, kwa sura nyingine. Katika drafti, kifuniko huliwa tu ikiwa nyuma yake kuna mraba mtupu wa kutua. Ziba nyuma, au egemea ukingo wa ubao, na hakuna wa kukugusa. Ndiyo maana wakongwe hawapendi kuondoa mapema vile vya safu ya nyumbani.

Mashine nazo zimeshaingia katika michezo hii. Jonathan Schaeffer na wenzake nchini Kanada walianza kazi ya drafti mwaka 1989, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa, mchezo unaisha sare. Hiyo ni drafti ya Kiingereza, ambamo kingi hutembea hatua moja moja. Ukicheza na kingi anayekimbia ulalo mzima, huo ni mchezo mwingine. Binamu wa ajua kutoka Afrika Magharibi, awari, alikuwa ametangulia kutatuliwa. Awari ina safu mbili za mashimo sita, na kete 48, idadi ile ile tuliyotumia hapa. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliunganisha prosesa 144, wakaziacha zihesabu kwa saa 51. Zilipitia hali 889,063,398,406 za ubao. Jibu: sare. Nadhani wazee wa duol wangeuliza swali moja tu, nani alilipa stima.

Bado mashimo haya yana jambo moja ambalo lilinifanya niweke kalamu chini niliposoma habari zake mara ya kwanza. Katika mwaka 1995 wanahisabati wawili, Duane Broline na Daniel Loeb, waliandika juu ya mchezo wa mtu mmoja unaofanana na huu wetu. Chimba mashimo kwa mstari mmoja, na mwisho wa mstari uweke bakuli. Shimo la 1 ndilo lililo jirani na bakuli. Unakomba shimo na kuangusha moja moja kuelekea bakuli, na sharti kete ya mwisho iingie bakulini sawasawa. Kwa hiyo la 1 huchezwa likiwa na kete 1, la 2 likiwa na 2, la 4 likiwa na 4, basi. Unashinda zote zikiingia.

Weka 0, 0, 2, 4 kuanzia jirani ya bakuli. Cheza la 4, kisha la 1, la 3, la 1, la 2, la 1. Zote zimeingia. Kwa kila idadi ya kete kuna mpangilio mmoja tu unaoshinda, na hakuna haja ya kuukariri, unajijenga. Ukitaka kuongeza kete moja, tafuta shimo tupu lililo karibu zaidi na bakuli. Litie kete sawa na nambari yake, huku ukipunguza moja kutoka kila shimo lililo kati yake na bakuli. Tena ni shimo tupu linaloamua.

Sasa hesabu ni kete ngapi zinazokulazimisha kuchimba shimo jipya. Shimo la 1 linahitaji kete 1, la 2 linahitaji 2, la 3 linahitaji 4, kisha 6, kisha 10, kisha 12. Chukua nambari ya shimo, izidishe kwa yenyewe, ugawe kwa kete. Shimo la 6: 36 kwa 12, unapata 3. Endelea mbali zaidi na jibu litatangatanga juu na chini huku likisogelea 3.14, pai ile ile tuliyofundishwa shuleni kwa kupima mzingo wa sufuria. Hapa hakuna duara lolote, ni mashimo kwa mstari na mkono unaoangusha kete.

Kete 12 hukaa hivi, kuanzia jirani ya bakuli: 0, 0, 0, 2, 4, 6. Ya kumi na tatu nakuachia wewe.